Mbuzi Mfupi Katika Jengo Refu

Chanzo cha balaa lote ni sentimita 57. Hicho ndicho kimo cha mwisho anachoruhusiwa mbuzi jike wa aina ya Nigerian Dwarf, kuanzia kwatoni hadi begani, ili aandikwe katika daftari la koo safi huko Marekani, ambako chama cha wafugaji wa mbuzi wa maziwa kilimkubali rasmi mwaka 2005. Sentimita 57 ni juu kidogo tu ya kiti cha mezani. Uzito wake ni kama kilo 34, yaani sawa na mtoto wa darasa la nne aliyevalishwa koti la baridi na mabuti. Mtu anayeishi ghorofa ya kumi na mbili karibu na makutano ya barabara za Jane na Finch, kaskazini magharibi mwa Toronto, akivisoma vipimo hivyo usiku baada ya kutoka kazini, huitazama roshani yake, huitazama simu, kisha huitazama roshani tena. Hesabu inaingia. Baiskeli mbovu itoke, mbuzi aingie. Maziwa ya chai yatakamuliwa hapo hapo, na kwaheri yale ya Ontario yanayouzwa katika mifuko ya plastiki mitatu mitatu, ambayo sharti uutumbukize mfuko kwenye jagi, uukate pembe kwa mkasi, na ukiukata vibaya kaunta inakunywa kabla yako. Ndoto hii nataka kuijadili kwa uzito, kwa sababu wanaoicheka huicheka kwa sababu zisizo zake. Wanacheka ghorofa. Ghorofa haina kosa kubwa. Kosa limo katika neno "mdogo", kwani mbuzi huyu ni mdogo kwa kimo tu. Mengine yote, kuanzia mdomo wake hadi sheria zinazomhusu, ni ya mbuzi mzima.

Chukua suala la idadi, maana hapo ndipo wengi huteleza kabla hata hawajafika nyumbani. Mtu hununua mbuzi mmoja. Kwa akili ya binadamu hiyo ni busara: jaribu na mmoja, ukimudu ongeza. Kwa akili ya mbuzi hicho ni kifungo cha upweke. Mbuzi ni mnyama wa kundi, na akijikuta peke yake haoni kwamba amepewa nafasi ya kutosha, anaona wenzake wote wameshaliwa na zamu iliyobaki ni yake. Basi huita. Huita asubuhi, huita adhuhuri, na saa tisa za usiku huita kwa sauti ya mtu aliyebanwa vidole na mlango. Sauti hiyo haikupunguzwa ili ilingane na kimo. Majengo marefu ya Jane na Finch yalijengwa kwa wingi katika miaka ya 1960 na 1970, jiji lilipokuwa na haraka ya kuwapa watu makazi, na kuta za majengo ya aina hiyo zina ukarimu wake: jirani akikaanga vitunguu unajua, akigombana na shemeji yake unajua, akipiga chafya unamwombea afya ukiwa kitandani kwako. Humo, mbuzi mpweke si siri ya nyumba moja bali ni tangazo la mtaa. Dawa inayojulikana kwa wafugaji wa kila bara ni kumletea mwenzake, na papo hapo hesabu ya kwanza inavunjika, kwa kuwa roshani iliyopimwa kwa macho ilikuwa ya mbuzi mmoja. Wapo wanaosema paka au mbwa wa nyumbani atamtosha kwa kampani. Labda mchana. Usiku mbuzi anamtaka wa kulala naye ubavu kwa ubavu wakicheua, na paka hacheui.

Ipo pia imani kwamba mbuzi hula kila kitu, hata kopo la samli. Imani hii imewaponza watu wengi kuliko kupe. Mbuzi huonja kila kitu kwa midomo kwa sababu hana vidole vya kupapasia. Kula ni habari nyingine kabisa. Katika kula, mbuzi ana madaha kuliko bibi harusi. Jani kavu likishadondoka sakafuni, kwake limekuwa takataka, na atakutazama kwa mshangao wa mgeni aliyepewa sahani chafu. Kwa hiyo lazima uwe na majani makavu mazuri, na lazima uwe na mengi. Mbuzi wa kilo 34 hula kwa siku kiasi cha asilimia 3 hadi 4 ya uzito wake; sema kilo moja na robo. Wawili ni kilo mbili na nusu, bila kuhesabu watakayoyakanyaga kwa dharau. Ontario haina cha kuchuma nje tangu Novemba hadi Aprili, na siku 180 mara kilo mbili na nusu ni kilo 450. Robota dogo la majani lina kilo 20 hivi. Kila mhamiaji anaujua uzito huo kwa mkono wake, kwa kuwa unakaribia lile sanduku la kilo 23 la kwendea nyumbani, lililojazwa zawadi hadi zipu ikalia. Sasa fikiria masanduku 23 ya namna hiyo, yenye kumwaga vumbi na mbegu, yakisubiri lifti katika jengo lenye lifti mbili, moja ikiwa imebandikwa karatasi ya kuomba radhi. Anayesema atayaleta kidogo kidogo kwa treni mpya ya Finch West, iliyoanza kubeba abiria Desemba 2025, akumbuke kwamba treni hiyo ilipoanza tu ililaumiwa kwa kujikokota. Robota litafika, lakini abiria wenzake watakuwa wameshalifahamu kwa jina.

Hapo hatujagusa maziwa, na ndani ya maziwa ndimo lilimo jambo ambalo wauzaji wa ndoto hii hulisema kwa sauti ya chini. Mbuzi hatoi maziwa kwa sababu ni mbuzi. Hutoa kwa sababu amezaa. Ukweli huu kila mtoto aliyekulia kijijini anaujua kabla ya kujua kuhesabu, lakini ukikaa mjini miaka kumi na tano unaanza kumdhania mnyama kuwa kama bomba, kwamba kazi ni kumfungulia. Ili azae lazima apandwe, na ili apandwe lazima awepo beberu. Kiswahili kilipotafuta jina la kumpa mkoloni anayevamia nchi za watu na kufyonza mali zao, hakikumchagua simba wala mamba. Kilimchagua beberu, na aliyewahi kuvuta hewa ya upande wa beberu haulizi kwa nini. Msimu wake ukifika hujikojolea ndevu na miguu ya mbele kwa makusudi, hayo ndiyo manukato yake, na harufu huhamia kwenye nguo, nywele na, akikaa karibu na jike anayekamuliwa, hata kwenye maziwa. Hakuna feni ya bafuni iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mfugaji mwerevu basi hafugi beberu, humpeleka jike kwa beberu wa mwenzake. Lakini jike wa aina hii huingia joto kila baada ya siku 21 hivi, mwaka mzima, na joto lenyewe hudumu siku moja au mbili tu, huku akitikisa mkia na kupiga kelele kana kwamba anahutubia mkutano wa hadhara. Ndani ya saa hizo unatakiwa uombe ruhusa kazini, upate gari, utoke nje ya jiji na umfikie bwana arusi. Ukichelewa, kalenda inasogea wiki tatu.

Akishika mimba, hungoja miezi mitano, kisha huzaa wawili, mara nyingine watatu, na wengine hufika wanne. Hebu turudi kwenye roshani. Tulianza na mmoja, tukawa na wawili, na wote wawili wakizaa sasa tunao sita au saba, na kwa kawaida nusu ya watoto hao ni madume. Dume dogo la mbuzi ni kiumbe cha kupendeza kuliko vyote vilivyoumbwa kwa muda wa wiki nane. Baada ya hapo ni swali. Kumhasi na kumweka ni kulisha mdomo usiotoa maziwa. Kumuuza, soko la madume ni dogo kwa kuwa kila mfugaji analo lake la kuuza. Njia ya tatu wanaijua majirani, kwani Jane na Finch ni mtaa wa Wajamaika, Waghana, Wasomali na wengine wengi wanaomheshimu mbuzi akiwa ndani ya sufuria, na ukipita jioni kwenye korido ya jengo lolote utasikia harufu ya mchuzi wa bizari unaokaribia kuiva. Watakuuliza kwa upole kabisa umepanga nini kuhusu hilo dume. Aliyeshawapa watoto wa nyumba nafasi ya kumbatiza dume jina ameshapoteza kesi.

Kwa haki ya mbuzi, lazima niseme kwamba maziwa yenyewe ni mazuri mno. Jike mzuri wa aina hii hutoa lita moja hadi mbili kwa siku, na mafuta ya maziwa hayo hufika asilimia 6 na kupita, wakati maziwa ya ng'ombe yanayoitwa kamili katika maduka ya Kanada yana asilimia 3.25. Chai yake haina mfano; utando unaokaa juu ya kikombe unaweza kuubeba kwa kijiko. Ila chuchu za jike wa mzao wa kwanza ni fupi kama ncha ya kidole gumba, na mwenye mkono mkubwa hulazimika kukamua kwa vidole viwili, kama mtu anayechomoa mwiba, kwa nusu saa ya kazi ambayo mzoefu huimaliza kwa dakika chache. Katika dakika ya ishirini na tisa mbuzi huinua mguu. Hakupigi teke, la. Anauweka tu mguu ndani ya ndoo, taratibu, kama mtu anayeingia bafuni kupima joto la maji. Haya yote hufanyika mara mbili kwa siku, kila baada ya saa kumi na mbili, Jumapili na Krismasi zikiwemo, kwa sababu kiwele kikiachwa kimejaa hukaribisha ugonjwa na maziwa yenyewe hupungua. Wakazi wengi wa Jane na Finch hufanya kazi za zamu, leo usiku, kesho alfajiri, keshokutwa umepigiwa simu uje umshikie mwenzako. Kiwele hakibadilishani zamu.

Najua anayesoma hapa ameshaanza kunijibu. Atasema: bibi yangu alifuga mbuzi wa maziwa maisha yake yote, hakuwa na shahada, hakuwa na gari, na tulikunywa chai. Ni kweli, na ushahidi uko upande wa bibi. Katika milima ya Uluguru, huko Mgeta, mbuzi wa maziwa kutoka Norwei waliletwa miaka ya 1980 kwa kazi iliyohusisha Chuo Kikuu cha Sokoine, wakapokewa na wakulima wa mboga wenye mashamba madogo yaliyoning'inia kwenye miteremko. Nyeri nchini Kenya nako wakaingia mbuzi wa Alpine wa Kijerumani, na Meru wakaingia Toggenburg wa asili ya Uswisi kwa mradi wa FARM-Africa katika miaka ya 1990. Wafugaji hawa hawana eneo kubwa. Mbuzi hukaa bandani, banda limeinuliwa juu ya nguzo, sakafu ni mbao zilizoachiana nafasi ili samadi idondoke chini, na majani huletwa mkononi. Ukilitazama banda hilo kwa jicho la mhamiaji mwenye hamu, unaona nini? Unaona roshani: imeinuka, ina nafasi ndogo, mkazi wake haendi popote. Mfano umekubali kabisa, mpaka uangalie kilicho chini ya sakafu. Chini ya banda la Mgeta kuna samadi inayongojewa na kabichi. Chini ya roshani ya ghorofa ya kumi na mbili kuna roshani ya ghorofa ya kumi na moja, na mwenye nayo ameanika shuka.

Wala si samadi tu. Bibi alikuwa na mabingobingo kando ya shamba, alikuwa na wajukuu wa kuyakata (wewe ulikuwa mmoja wao, na ulilalamika), na alikuwa na majirani wanaofuga vile vile. Meru mradi uliweka vituo vya beberu wa pamoja, dume moja bora likihudumia majike ya kikundi kizima, ili kila nyumba isibebe gharama na harufu yake. Kumbe hata pale ambapo mbuzi wa maziwa amefanikiwa kwa maskini, hakufanikiwa kwa sababu ni mdogo na rahisi. Alifanikiwa kwa kuwa kulikuwa na kijiji kizima kilichopangwa kumzunguka. Kumbukumbu zetu hubeba kikombe cha chai na kumwacha nyuma aliyeamka saa kumi na moja alfajiri. Sidhani tunadanganya kwa kusudi. Chai ilikuwa tamu, na sisi tulikuwa tumelala.

Pingamizi la pili lina meno zaidi, nalo ni la mbwa. Katika lifti zile zile kuna watu wanaoingia na mbwa wa kilo sitini, mwenye kimo cha meza, anayebweka postamani akija na postamani asipokuja, na hakuna anayeuliza. Kwa nini mbuzi wa kilo 34 awe kioja? Hoja hii ina nguvu, na mwenye kupenda sheria ataiongezea mbolea: sheria ya upangaji ya Ontario ya mwaka 2006 inasema wazi katika kifungu cha 14 kwamba sharti lolote la mkataba linalokataza wanyama ndani ya jengo ni batili. Imeandikwa wanyama. Haikuandikwa mbwa na paka. Mpangaji akisoma hapo hutabasamu, hupiga picha ya ukurasa, humtumia mwenye nyumba. Bahati mbaya jiji nalo lina kanuni zake, na katika Sura ya 349, kwenye orodha ya wanyama waliopigwa marufuku, wamo wote wenye kwato zilizogawanyika, kama vile ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Kanuni haiulizi sentimita. Kwa mpangilio wa kisayansi kundi hilo linamjumuisha twiga na linamjumuisha kiboko, kwa hiyo mbuzi wetu wa sentimita 57, mbele ya jiji la Toronto, amesimama foleni moja na kiboko. Mwenye nyumba anatakiwa akuvumilie, jiji halitakiwi.

Tena jiji hili si jepesi hata kwa wenye kwato sifuri. Machi 2018 lilianzisha jaribio la kuruhusu kuku mijini: majike wanne kwa nyumba, jogoo haruhusiwi, nyumba za ghorofa hazimo, na maeneo yaliyochaguliwa kote jijini yalikuwa manne, Jane na Finch likiwa nje. Mwaka 2023 jaribio likafungwa. Ikiwa kuku jike, ambaye hutaga bila kuhitaji bwana arusi wala safari ya dharura, alipewa miaka mitano kisha akaonyeshwa mlango, anayetarajia mbuzi apite haraka anatakiwa awe na subira ya kucheua. Na anayepanga kufidia gharama kwa kuwauzia majirani lita mbili tatu ajue kwamba Ontario ilikuwa jimbo la kwanza Kanada kulazimisha maziwa ya kuuza yapashwe moto wa kuua vijidudu, tangu mwaka 1938. Kuuza mabichi ni kosa. Kusema "lakini sisi huwa tunachemsha" ni kweli tupu, na hakimu hatakunywa chai hiyo.

Bado sikubali kwamba mbwa na mbuzi wametenganishwa na upendeleo mtupu. Tofauti iko katika kile tunachowataka wafanye. Mbwa akiwa mbwa amemaliza kazi yake. Hahitaji kuzaa ili awe na faida sebuleni. Mbuzi wa maziwa asiyezaa ni kochi linalokula. Jambo jingine sitaki kulifanyia mzaha hata kidogo: mbuzi hupanda. Wafugaji hushauriwa ua wa zaidi ya mita moja na sentimita ishirini hata kwa hawa wafupi, na ua huo uwe mbali na kitu chochote cha kukanyagia. Ukingo wa roshani ni mfupi kuliko hapo, na roshani gani haina ndoo, kreti au kiti? Baridi peke yake haimtishi. Akiwa pakavu na pasipo upepo huipita baridi ya Toronto akiwa amefura manyoya kama mto. Ila ghorofa ya kumi na mbili mwezi Januari ni makazi ya upepo wenyewe, wewe na mbuzi ni wapangaji wake.

Mtu asielewe hapa kwamba nasema eneo la Jane na Finch halina historia ya ufugaji. Lina ndefu kuliko majengo yake. Mwendo mfupi kaskazini mwa makutano hayo, karibu na barabara ya Steeles, kuna kijiji cha makumbusho cha Black Creek kilichofunguliwa mwaka 1960, na ndani yake zimesimama pale pale zilipojengwa nyumba za familia ya Stong, ya magogo ya mwaka 1816 na kubwa zaidi ya mwaka 1832, pamoja na banda lao la nguruwe. Karibu na hapo, kwenye barabara ya Jane yenyewe, liko shamba la jamii la Black Creek, eka nane hivi za mboga katikati ya jiji, ambako wakazi wa ghorofa hushika jembe. Udongo haujasahau kazi. Nayo sheria si mlima: Seattle ilikaa ikafikiri, na mwaka 2007 ikaruhusu mbuzi wafupi wafugwe majumbani, ilimradi waondolewe pembe, madume wahasiwe, na watoto wanaonyonya wasikae zaidi ya wiki kumi na mbili. Soma masharti hayo vizuri. Walioyaandika walikuwa wameshaelewa kwamba suala si kimo: wameshughulikia pembe, dume na watoto, yaani yale yote ambayo neno "mdogo" linayaficha. Wakazi wa Jane na Finch wanaotaka njia kama hiyo wana la kumwuliza diwani wao, na nawasihi wasianze kwa kumpelekea picha ya mbuzi mtoto aliyevaa sweta. Waanze na swali la samadi. Diwani atakayeulizwa swali la samadi atajua anaongea na watu wazima.

Kwa sasa anayetaka kuanza kweli na aanze upande wa nyuma. Amtafute mfugaji nje ya jiji, ajitolee siku za mapumziko, azoe banda mwezi mzima wa Februari maji yanapoganda ndani ya ndoo, apunguze kwato ambazo hutaka kukatwa kila baada ya wiki sita hadi nane, akamue alfajiri na jioni bila kupiga picha. Akitoka hapo bado ana hamu, basi ana hamu ya mbuzi. Akitoka bila hamu, alikuwa na hamu ya nyumbani, na hiyo dawa yake ni tiketi, si mnyama. Na ikiwa shida yote ilikuwa kitu cheupe kizito cha kupikia, Kiswahili kilishatuwekea akiba. Lugha yetu inao mbuzi wawili, yule wa maziwa na ile ya nazi, na kinachowatofautisha ni herufi moja ya ngeli. Mbuzi ya nazi inakunjwa, inaingia chini ya kitanda, haihitaji mwenzi, haiingii joto, haiamki saa tisa za usiku, na kwa nazi mbili inatoa tui la wali wa watu sita bila kumpigia simu beberu. Inahitaji kukaliwa tu na kuangaliwa vidole, maana meno inayo. Kwato haina.